Mwanga Unapoandika Ndani ya Kioo

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali kuhusu leza za mapigo mafupi na maumbo madogo yanayotengenezwa nazo.)



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeanza kwa methali hiyo kwa sababu wengi wetu tuliokusanyika hapa kazi yetu ya kila siku ni kazi ya daftari. Mwalimu huandika mahudhurio na alama za wanafunzi; karani wa masijala hutunza majalada; afisa wa ardhi huhifadhi hati za viwanja; na wapo wanaoandikisha vizazi na vifo. Mwananchi anayekuja kudai haki yake baada ya miaka 30 huja kwetu akitegemea kwamba karatasi yake bado ipo, na kwamba inasomeka. Isipokuwapo, au ikiwapo lakini imeliwa na mchwa, haki yake imekwenda nayo.

Maadui wa daftari tunawafahamu: mchwa, panya, unyevu, moto na wino unaofifia. Siku hizi wameongezeka wengine. Diski ya kompyuta inaweza kufa ghafla bila kuonyesha dalili, na ukanda wa sumaku hauna budi kunakiliwa upya kila baada ya miaka kadhaa kabla haujachakaa. Kwa hiyo tunaposikia kwamba wataalamu wamevumbua namna ya kuandika ndani ya kioo, kwa mwanga, maandishi yasiyooza wala kufifia, hatuna budi kusikiliza kwa makini. Hatuna budi pia kuuliza maswali. Ufundi huo unafanyaje kazi? Unaweza nini, na hauwezi nini? Na siku ukitufikia, utatuondolea kazi gani na kutuachia kazi gani?

Hayo ndiyo nitakayojitahidi kuyaeleza leo. Nia yangu ni kuonyesha jambo moja: kwamba mwanga umetupatia maandishi yanayoweza kudumu kuliko mwandishi wake, lakini haukutupatia msomaji; na msomaji huyo ataendelea kutegemea shule zetu na ofisi zetu.

MUDA ULIOGEUZWA PATASI

Tuanze na leza yenyewe. Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba atomu iliyokwisha kupata nishati inaweza kuchochewa na mwanga ikatoa mwanga mwingine unaofanana nao kabisa. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla hesabu hiyo haijawa chombo. Tarehe 16 Mei, 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ndogo ya yakuti nyekundu. Kwa ukumbusho wa tukio hilo, tarehe 16 Mei huadhimishwa kila mwaka tangu 2018 kuwa Siku ya Kimataifa ya Mwanga, chini ya UNESCO.

Leza za mwanzo zilitoa mwanga kwa mapigo ambayo, tukiyalinganisha na ya leo, yalikuwa marefu mno. Leza ninayoizungumzia hutoa mapigo yanayopimwa kwa femtosekunde. Ili kuielewa femtosekunde, igawe sekunde moja katika mafungu milioni moja. Kisha chukua fungu moja tu, uligawe tena katika mafungu bilioni moja. Fungu moja katika hayo ya mwisho ndiyo femtosekunde. Kwa kipimo kingine, femtosekunde moja mbele ya sekunde moja ni kama sekunde moja mbele ya miaka milioni 32 hivi. Mwanga, ambao hukata kilometa 300,000 kwa sekunde na ungeweza kuizunguka dunia zaidi ya mara 7 katika muda huo, husafiri sehemu 30 tu za elfu za milimita katika femtosekunde 100. Umbali huo haufikii unene wa unywele wa kawaida.

Kupata mapigo mafupi ni jambo moja. Kuyapa nguvu ni jambo jingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walikwama hapo. Kila walipojaribu kulikuza pigo fupi, mwanga wake ulikuwa mkali kiasi cha kukiharibu kifaa chenyewe cha kulikuzia. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, Marekani. Donna Strickland, mwanafunzi wa shahada ya udaktari kutoka Kanada, pamoja na mwalimu wake Mfaransa, Gérard Mourou, walilipitisha pigo katika uzi wa kioo wenye urefu wa kilometa 1.4. Humo ndani rangi mbalimbali za mwanga huo zilitengana, nyingine zikitangulia na nyingine zikibaki nyuma, na pigo likarefuka. Likiwa limerefuka hivyo, ukali wake ulipungua, nao wakaweza kulikuza bila ya kuharibu kitu. Mwishowe wakalikusanya tena likawa fupi.

Ni kama umati wa watu unaotaka kupita kwa pamoja katika mlango mwembamba. Wakisukumana watauvunja mlango. Wakipanga foleni, kila mmoja akapewa mzigo wake mlangoni, kisha wakakutana tena upande wa pili, watakuwa ni umati ule ule, lakini sasa wamebeba shehena. Kwa kazi hiyo Strickland na Mourou walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018, miaka 33 baadaye; nusu nyingine alipewa Arthur Ashkin wa Marekani. Walimu wenzangu watapenda kujua kwamba makala iliyoeleza uvumbuzi huo ndiyo ya kwanza ya kitaalamu ambayo mwanafunzi huyo aliichapisha maishani mwake.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua nishati ya juli moja, ambayo yatosha kuinua kitu chenye gramu 100 hivi kwa kimo cha meta moja. Igawe mara milioni, uchukue fungu moja tu. Ni nishati ndogo ambayo mkono hauwezi kuihisi. Lakini fungu hilo likitolewa lote katika femtosekunde 100, nguvu yake kwa muda huo ni megawati 10. Mtambo wetu wa umeme wa maji wa Nyumba ya Mungu ulijengwa ukiwa na uwezo wa megawati 8. Nishati haikuongezeka hata chembe. Kilichobadilika ni muda wa kuitumia.

Tumezoea kuambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Katika ufundi huu baraka imo ndani ya haraka yenyewe. Leza ya mapigo marefu humimina joto katika kitu. Joto hutambaa, huyeyusha pembeni na kuacha nyufa. Pigo la femtosekunde huwa limekwisha kazi yake kabla elektroni hazijapata nafasi ya kulisambaza joto kwa atomu za jirani, kwa kuwa kazi hiyo ya kusambaza huchukua maelfu ya femtosekunde. Kwa hiyo mkato wake huwa safi. Ndiyo sababu madaktari wa macho wanaitumia leza hii kukata utando wa mbele wa jicho, na viwanda vinaitumia kuchonga vijibomba vya kuzibua mishipa ya damu ya moyo.

JINSI MWANGA UNAVYOCHONGA NDANI

Sasa twende kwenye kioo. Kila mtu ameona kwamba mwanga hupita katika kioo cha dirisha bila ya kukidhuru. Mwanga huja kwa chembe ziitwazo fotoni. Na ili kioo kibadilike, elektroni zilizofungamana na atomu zake hazina budi kurushwa juu ya kizuizi cha nishati. Katika kioo cha silika safi kizuizi hicho ni kirefu mno kwa fotoni moja. Fotoni hufika, hushindwa, nayo huendelea na safari yake.

Mfano wake ni ukuta ambao mtoto mmoja hawezi kuuparamia. Lakini watoto wakisimama mabegani mwa wenzao, yule wa juu kabisa ataruka upande wa pili. Sharti ni kwamba wawepo wote kwa wakati ule ule. Wakija mmoja mmoja, hata wakiwa elfu, hakuna atakayevuka. Mwanga wa leza inayotumika sana katika kazi hii una urefu wa wimbi wa nanomita 800, na nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita. Fotoni za mwanga huo zinahitajika 6 hivi, kwa pamoja, kuirusha elektroni moja ya silika. Katika mwanga wa jua tukio hilo ni kama halipo. Katika pigo la femtosekunde, fotoni zimesongamana hata tukio hilo likawa jambo la kawaida.

Wazo kwamba fotoni zaidi ya moja zinaweza kushirikiana namna hiyo lilitolewa na Maria Goeppert Mayer katika tasnifu aliyoiandikia Göttingen, Ujerumani, na iliyochapishwa mwaka 1931. Wakati huo hapakuwa na taa yoyote duniani yenye uwezo wa kulithibitisha. Lilithibitishwa mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya leza kuzaliwa. Mama huyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1963 kwa kazi yake nyingine juu ya viini vya atomu. Strickland alipoipata mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa tatu tu katika historia ya tuzo hiyo ya fizikia, baada ya Marie Curie na Goeppert Mayer. Nawaomba walimu wa kike na wa kiume wasiache kuwaambia wasichana wa madarasa yao habari hiyo.

Faida yake kwa fundi ni kubwa. Mwanga ukikusanywa kwa lenzi kwenye nukta moja ndani ya kioo, ni hapo tu penye msongamano ambapo fotoni hukutana kwa wingi unaotakiwa. Juu ya nukta hiyo na chini yake kioo hubaki kama kilivyokuwa. Fundi wa milango ya nakshi hana njia ila kuanza kuchonga kutoka juu ya ubao. Fundi wa leza anaweza kuchonga katikati ya ubao bila kuugusa uso wake.

Mwaka 2001 Satoshi Kawata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, waliutumia ushirikiano wa fotoni mbili mbili kugandisha utomvu wa plastiki, wakaunda sanamu ya fahali mwenye urefu wa sehemu 10 za elfu za milimita na kimo cha sehemu 7. Fahali mzima, pembe na mkia, alikaribia ukubwa wa chembe nyekundu ya damu ya binadamu. Walionyesha kwamba kalamu yao ya mwanga iliweza kutenganisha alama hadi nanomita 120, yaani upana ulio mdogo kuliko wimbi la mwanga wenyewe uliotumika kuchonga.

KUTOKA MSTARI HADI MAKTABA

Historia ya kuandika ndani ya kioo kwa njia hii ina hatua zake. Mwaka 1996 kundi la Kazuyuki Hirao mjini Kyoto, Japani, lilichora ndani ya kioo njia nyembamba za kupitishia mwanga. Mwaka huo huo kundi la Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionyesha kwamba vidoa vidogo vilivyopigwa na leza kwa tabaka ndani ya kitu angavu vinaweza kuwa herufi za kuhifadhia habari. Kidoa kikiwapo ni moja. Kisipokuwapo ni sifuri. Kwa tarakimu hizo mbili kompyuta huandika kila kitu.

Hatua iliyofuata haikutazamiwa. Mwaka 2003 wataalamu wa Kijapani wakishirikiana na Peter Kazansky wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza kwamba mapigo ya leza yakirudiwa mahali pamoja katika kioo cha silika, kioo hujipanga chenyewe ndani ya kidoa. Huwa na kuta nyembamba zilizosimama sambamba kama meno ya kitana, kila moja ikiwa na unene wa makumi machache ya nanomita. Hakuna lenzi inayoweza kuchora kuta nyembamba kiasi hicho kwa mwanga huo. Leza huanzisha tu, na kioo humalizia. Hadi leo wataalamu wanajadiliana kuhusu njia kamili ambayo kuta hizo hupitia katika kujipanga.

Jambo la maana kwetu ni kwamba kuta hizo humtii fundi. Mawimbi ya mwanga hutikisika, na fundi anaweza kuuchagua uelekeo wa mtikisiko huo. Kuta hujipanga kwa kuukingama uelekeo aliouchagua. Akiugeuza, kuta za kidoa kinachofuata nazo hugeuka. Kadhalika anaweza kuongeza au kupunguza nguvu ya alama. Basi kidoa kimoja hubeba habari za namna tano: mahali pake kwa urefu, kwa upana na kwa kina, uelekeo wa kuta zake, na nguvu ya alama yake. Tukichukua mielekeo minne tu na viwango viwili tu vya nguvu, kila kidoa kinaweza kuwa na hali nane. Hapo awali kilikuwa na hali mbili.

Mwaka 2013 kundi la Southampton liliandika kwa njia hiyo faili la maandishi la kilobaiti 300. Mwaka 2016 lilitangaza kwamba limekwisha kuandika katika vioo vidogo Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kitabu cha Newton juu ya mwanga, hati ya Magna Carta na Biblia. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilihifadhi filamu nzima ya Superman ya mwaka 1978, gigabaiti 75.6, katika kigae cha kioo chenye upande wa milimita 75 na unene wa milimita 2. Kwa kukokotoa, watafiti wa Southampton wanasema diski moja ya kioo yaweza kubeba terabaiti 360, na kwamba alama zake zinavumilia joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi. Katika joto la kawaida la chumba, wanakadiria zitadumu kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuupima.

Nisingependa tuondoke hapa tumepumbazwa na sifa hizo. Kioo kikiangushwa sakafuni bado chaweza kuvunjika. Mtambo wa kuandikia ni wa gharama kubwa, nao unahitaji fundi aliyefunzwa. Kasi ya kuandika nayo ni ndogo. Mwaka 2021 watafiti hao walifikia kilobaiti 230 hivi kwa sekunde, na wakakadiria kwamba, mtambo ukiboreshwa ili uandike sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kujaza diski moja ya terabaiti 500 kungechukua siku 60 hivi. Tena kilichoandikwa hakirekebishiki. Kwa hati ya ardhi hiyo ni sifa njema, maana hakuna atakayeweza kuifuta usiku. Kwa kosa la mwandishi ni msiba, maana nalo litadumu.

NANI ATAKAYESOMA?

Ndugu zangu, sasa nimefika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Kidoa kilichomo ndani ya kioo hakionekani kwa macho. Kukisoma kunahitaji hadubini yenye kutambua uelekeo wa mtikisiko wa mwanga. Kunahitaji programu ya kompyuta ya kugeuza vidoa kuwa tarakimu. Kunahitaji ufunguo wa kugeuza tarakimu kuwa herufi. Na mwisho kunahitaji mtu anayeijua lugha iliyoandikwa. Kamba ya viungo vinne haina nguvu kupita kiungo chake dhaifu kuliko vyote. Leza imekiimarisha kitu kimoja tu, nacho ni kile kigae. Viungo vingine vyote bado vimo mikononi mwa watu.

Bara letu la Afrika lina ushahidi wa jambo hili uliochongwa katika mawe. Wamisri wa kale waliandika juu ya mawe kwa maelfu ya miaka. Maandishi ya mwisho ya aina hiyo yanayojulikana yalichongwa huko Philae mwaka 394. Baada ya hapo waliojua kuyasoma wakafa bila ya kurithisha elimu yao. Mawe hayakuoza. Herufi hazikufutika. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,400 hakuna mtu duniani aliyeweza kuzisoma, hata Jean-François Champollion wa Ufaransa alipozifumbua mwaka 1822, akisaidiwa na jiwe la Rosetta lililobeba tangazo moja kwa maandishi ya namna tatu. Kusini ya Misri, watu wa Meroe katika Sudan ya leo nao waliacha maandishi yao. Francis Llewellyn Griffith wa Uingereza alizitambua sauti za herufi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na hata sasa sehemu kubwa ya lugha yenyewe haijaeleweka. Tunaweza kuyatamka maneno ya Wameroe bila kujua walikuwa wakisema nini.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Katika pwani yetu, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya shule za kikoloni kueneza herufi za Kirumi. Zipo barua, tenzi na mikataba ya mababu zetu iliyoandikwa hivyo. Ni Waswahili wangapi leo wanaoweza kuichukua karatasi ya namna hiyo na kuisoma bila msaada? Lugha ni yetu, karatasi bado ipo, lakini wasomaji wamepungua. Na pale ambapo hazina za namna hiyo zimesalimika, ni watu waliozisalimisha. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Na mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar ukaingizwa mwaka 2003. Yote hayo ni karatasi, na yamedumu kwa sababu kulikuwa na watu waliozipanga, waliozikinga na mvua, na waliojua ndani yake mna nini.

Watafiti wa kioo wenyewe wameliona tatizo hili. Mwaka 2024 kundi la Southampton lilipoandika katika kioo orodha kamili ya chembe za urithi za binadamu, na kukiweka kioo hicho katika hifadhi iliyomo ndani ya mgodi wa chumvi wa Hallstatt, Austria, lilichora juu yake ufunguo wa picha ili msomaji wa baadaye apate pa kuanzia. Wao wanaoijua nguvu ya ufundi huo kuliko sisi hawakuridhika na kudumu kwa kioo peke yake.

WAJIBU WETU

Kutokana na hayo napenda kutaja mambo matatu.

La kwanza linawahusu watumishi wa ofisini. Tusiyaache majalada yetu yaoze kwa kungojea mtambo wa ajabu kutoka ng'ambo. Jalada lililovurugika likihamishiwa katika kioo litabaki limevurugika kwa maelfu ya miaka. Kazi ya kupanga, ya kuandika tarehe na namba, ya kuamua kipi kihifadhiwe daima na kipi kiteketezwe kwa mujibu wa sheria, hakuna leza itakayotufanyia. Ofisi itakayokuwa imeikamilisha kazi hiyo kwenye karatasi ndiyo itakayofaidika siku kioo kitakapofika kwa bei tunayoiweza.

La pili linawahusu walimu. Baadhi yetu hufundisha fizikia kana kwamba ni orodha ya kanuni za kukariri kwa ajili ya mtihani. Hesabu ya megawati 10 niliyoifanya hapa inahitaji kugawanya nishati kwa muda, basi. Kwa hesabu hiyo moja mwanafunzi anaweza kufungua mlango wa ufundi ulioshinda Tuzo ya Nobel. Tumpe hesabu hiyo. Tumweleze pia kwamba wazo la mwaka 1931 lilingoja miaka 30 kupata taa ya kulithibitisha, na kwamba elimu ambayo haionekani kuwa na faida leo yaweza kuwa msingi wa kazi ya kesho.

La tatu linawahusu wote wenye kauli katika mipango ya masomo. Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri, na kwamba sisi bado tunahitaji madawati. Madawati tunayahitaji, tena haraka. Lakini nchi ambayo haina hata vijana wachache wenye kuielewa leza italazimika kuamini kila atakaloambiwa na muuzaji wa leza. Nafasi za kujifunza zipo. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kilichoanzishwa na Abdus Salam huko Trieste, Italia, mwaka 1964, kimekuwa kikiwafunza wanasayansi wa nchi zinazoendelea elimu ya mwanga na leza. Na mwaka 2003 kilizinduliwa Kituo cha Leza cha Afrika, chenye makao yake Afrika Kusini, kwa ajili ya ushirikiano wa watafiti wa bara zima. Tuwatafute vijana wenye kipaji, tuwaandae mapema, tuwapeleke. Na watakaporudi tuwape kazi inayolingana na walichojifunza.

Ndugu Mwenyekiti, femtosekunde ni muda mfupi kuliko wowote tunaoutumia katika maisha yetu, na kioo cha silika kinaweza kudumu kuliko taifa lolote. Kati ya muda huo mfupi na umri huo mrefu yuko mtu mmoja mwenye miaka 40 ya kufanya kazi, ambaye hana budi kumfundisha mwingine kusoma kabla hajastaafu. Kazi hiyo ndiyo tuliyoajiriwa kuifanya.